Uthiru: Kitovu cha kahawa tusiyoinywa

MPENZI msomaji, kuna watu katika dunia hii ambao wakimaliza kula chakula cha mchana siku ya Jumapili hawainuki mezani. Huletewa kikombe kidogo cha kahawa nyeusi, kisha kila mmoja akawasha siga, yaani ile sigara nene isiyo na karatasi, iliyosokotwa kwa majani matupu ya tumbaku. Hapo saa nzima hupita, hata mbili. Hupiga funda moja, wakavuta kidogo, wakaongea, wakanyamaza, wakapiga funda jingine. Hakuna anayeangalia saa.

Huenda umewaona katika filamu ukasema moyoni kwamba hiyo ni starehe ya matajiri wa ng'ambo, isiyomhusu mtu wa Buruburu, Umoja au Kawangware. Hebu subiri kwanza. Nusu ya starehe hiyo, tena ile nusu iliyo bora, ina kitovu chake karibu na kituo cha matatu cha Uthiru, kilomita zipatazo 13 magharibi ya katikati ya jiji la Nairobi. Jumapili hii tufunge safari ya huko, tuone ni ipi raha ya kweli kati ya kikombe na moshi.

Siga na kahawa zilikutanaje?

Mapacha hawa walilelewa pamoja nchini Cuba. Tumbaku ilikuwako kisiwani tangu zamani. Kahawa ilipata nguvu baada ya mwaka 1791, watumwa wa koloni la Ufaransa ambalo leo ni Haiti walipoasi. Wakulima wa Kifaransa waliokimbia huko walivuka bahari wakaanzisha mashamba ya kahawa katika milima ya mashariki ya Cuba. Mabaki ya mashamba hayo yaliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Nchi ikawa na vyote viwili, na watu wake wakavizoea kwa pamoja. Hata katika viwanda vya kusokota siga, tangu mwaka 1865, wafanyakazi walimweka mtu kazi yake moja tu: kukaa juu ya jukwaa na kuwasomea magazeti na hadithi huku mikono yao ikisokota. Kwa hiyo tangu mwanzo siga ilikuwa jambo la kukaa na kusikiliza.

Wajuzi wa starehe hii wana sababu ya ladha pia. Majani ya tumbaku hukaushwa, kisha hurundikwa na kuvundikwa kwa miezi mingi hadi yatoe harufu ya kakao, ya ngozi na ya mbao kavu. Kahawa nayo, baada ya kumenywa, huvundikwa kabla ya kuoshwa, kisha ikakaangwa hadi ikatoa harufu za jamii hiyo hiyo. Ndiyo maana ladha hizo mbili zinafahamiana zinapokutana mdomoni. Kanuni yao ni nyepesi: siga laini kwa kahawa ya maziwa, siga kali kwa kahawa nyeusi. Kizito kwa kizito, chepesi kwa chepesi.

Shika kanuni hiyo akilini, kwa maana tutaihitaji tukifika Uthiru.

Twende kwa Waiyaki Way

Panda matatu yoyote iendayo Kikuyu kwa barabara ya Waiyaki Way. Jina hilo si la bure. Waiyaki wa Hinga alikuwa kiongozi wa Agikuyu wa sehemu hizi za Kabete na Dagoretti. Alikamatwa mwaka 1892 na watu wa kampuni ya Waingereza, akapelekwa kuelekea pwani, akafia njiani huko Kibwezi. Kwa hiyo tangu uketi kitini, unasafiri juu ya jina la mtu aliyepoteza ardhi na uhai.

Ukipita Westlands utafika makutano ya James Gichuru. Upande wa kushoto, kuelekea Lavington, ndiko ilikoanzishwa misheni ya St Austin's mwaka 1899. Mapadre wa Roho Mtakatifu, Wafaransa, walikuja na kahawa ambayo wenzao walikuwa wameipanda huko Bura, Taita, mwaka 1893. Hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa kahawa ya Misheni ya Kifaransa, na kutoka hapo mashamba ya walowezi yaliyozunguka Nairobi yakaanza kujaa mibuni, yaani miti ya kahawa.

Endelea mbele. Utapita Kangemi na vibanda vyake, kisha Kabete. Hewa inabadilika, kwa maana sasa uko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Mwezi wa Julai ukungu hukaa hapa hadi saa nne asubuhi na watu hutembea wakiwa wamejikunyata ndani ya makoti. Udongo ni ule mwekundu unaong'ang'ania viatu. Kabla ya kushuka Uthiru, tupa jicho kando ya barabara kwenye vituo vya utafiti wa kilimo vya Kabete. Hapo si mahali pa utalii, wala hutauziwa tiketi. Lakini wauza kahawa wa London, Tokyo na New York wanaijua kazi iliyofanyika hapo kuliko wengi wetu tunaopita kila siku kwenda kazini.

Miti arobaini na miwili

Mahali hapo paliitwa Maabara ya Kilimo ya Scott. Kabla ya kuwa maabara palikuwa nyumba ya kupumzishia wagonjwa, iliyopewa jina la Dkt Henry Scott, mmisionari wa Kanisa la Scotland. Siku hizi ni maabara ya taifa ya utafiti wa kilimo.

Mwaka 1931, afisa wa kahawa aitwaye A. D. Trench alizuru Tanganyika. Katika sehemu za Monduli aliona aina ya mibuni iliyovumilia ukame na magonjwa kuliko mingine. Akachukua mbegu, akazileta Kabete. Katika miaka ya 1930 watafiti wa Scott waliipima miti 42 ya asili mbalimbali, kila mmoja ukapewa herufi SL na nambari yake. Waliangalia mti upi unazaa sana, upi unastahimili kiangazi, na upi una kahawa tamu.

Mti mmoja kutoka mbegu zile za Tanganyika ulichaguliwa mwaka 1935 ukaitwa SL28. Mwingine ulichaguliwa baadaye kidogo kutoka shamba la Loresho, hapa hapa Kabete, ukaitwa SL34. Ule wa Loresho ulidhaniwa kuwa wa ukoo wa Misheni ya Kifaransa, ingawa uchunguzi wa vinasaba wa siku hizi umeonyesha kwamba uko karibu zaidi na ukoo mwingine wa kahawa uitwao Typica.

Msomaji, hebu fikiri. Mti mmoja ulisimama Loresho, na leo Loresho ni mtaa wa nyumba za kifahari, lakini watoto wa mti ule wako Nyeri, Kirinyaga, Murang'a na Kiambu. SL28 nayo imevuka bahari hadi Amerika ya Kati, ambako wakulima huipanda kwa sababu ya ladha yake tu. Ladha yenyewe ina ukali mtamu kama wa pasheni iliyoiva au zambarau. Ni ule ukali unaokufanya umeze mate na kutaka funda la pili.

Waliokatazwa kupanda

Tusisahau upande wa pili wa habari hii. Wakati miti hiyo ilipokuwa ikichaguliwa, Mwafrika aliyeishi ng'ambo ya ua wa maabara, huko Uthiru na Kabete, hakuruhusiwa kupanda kahawa. Angeweza kuichuma kwa mshahara katika shamba la mlowezi, lakini si kuwa na mti wake. Walowezi walisema kwamba Mwafrika ataeneza magonjwa ya mimea na ataharibu sifa ya kahawa ya Kenya. Wengi waliamini kwamba hofu yao ya kweli ilikuwa nyingine: mtu mwenye kahawa yake hatakubali kuwa kibarua.

Ruhusa ya kwanza ilitolewa kwa majaribio katika miaka ya 1930, tena mbali na hapa, sehemu za Kisii, Meru na Embu. Ni baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ndipo kahawa ilipoenea kwa wakulima wadogo wa milimani.

Wakaipokea kwa nguvu. Katika mwaka wa mazao wa 1987/88 Kenya ilitoa takriban tani 130,000. Kisha bei zikaanguka, vyama vya ushirika vikazorota, malipo yakachelewa, na watu wakang'oa mibuni. Miaka ya hivi karibuni mazao yamekuwa karibu tani 50,000. Katika kaunti ya Kiambu, inayopakana na Uthiru, mashamba yaliyokuwa ya kahawa yamegeuka ploti. Tatu City na Migaa, ambazo husifiwa sana kwa wanunuzi wa nyumba, zimeota juu ya mashamba ya kahawa.

Na kile kidogo kinachobaki, nani anakinywa? Zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za kahawa yetu huuzwa nje. Sisi tunakunywa chai. Si ajabu, kwani ukiendelea na barabara hii hii utafika Limuru, ambako chai ya kwanza nchini ilipandwa mwaka 1903. Chai ni tamu, wala sina neno nayo. Lakini ukishuka matatu Uthiru uulize kahawa, mara nyingi utaletewa kikombe cha maziwa moto na unga wa mkebe. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi.

Je, tuwashe siga?

Sasa turudi kwa ile kanuni ya kizito kwa kizito. Kahawa inayofaa siga ni ile iliyokaangwa sana hadi ikawa nyeusi tititi, chungu na nzito. Kahawa yetu sifa yake ni nyingine. Uzuri wake uko katika ule ukali wa matunda, na moshi wa tumbaku hufunika ulimi usiuhisi. Kuwasha siga juu ya kikombe cha SL28 ni kama kupiga honi wakati kwaya inaimba.

Tena kuna gharama ya mwili. Wavutaji wa siga husema kwamba hawamezi moshi, kwa hiyo hawana neno. Si kweli. Nikotini ya siga hupenya kwenye ngozi laini ya mdomo, na siga moja kubwa yaweza kuwa na tumbaku sawa na ile ya pakiti nzima ya sigara. Saratani za mdomo, ulimi, koo na umio hazimuulizi mtu kama alimeza au hakumeza.

Liko jambo jingine ambalo wanywaji wengi hawalijui. Moshi wa tumbaku huufanya mwili uvunjevunje kafeini ya kahawa kwa haraka, karibu mara mbili ya kawaida. Ndiyo sababu mvutaji hunywa kikombe kimoja na mara akataka kingine, na kila kikombe kikaita moshi. Kama kuna mtu nyumbani kwako anayejaribu kuacha sigara, mwambie apunguze na kahawa siku hizo. La sivyo, kafeini ile ile aliyoizoea itakaa mwilini muda mrefu zaidi, naye atatetemeka na kukosa usingizi akidhani ni kiu ya sigara.

Sheria nayo imesema. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kuvuta mahali pa umma isipokuwa sehemu zilizotengwa, na inakataza kumuuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18. Shisha, iliyokuwa imewanasa wanafunzi wengi wa vyuo, ilipigwa marufuku na serikali mwezi Desemba 2017.

Sisemi kwamba wazee wetu hawakujua tumbaku. Wazee wa Agikuyu walibeba ugoro katika kibuyu kidogo au pembe, na kumpa mwenzako ugoro kulikuwa ni kumkaribisha mazungumzoni. Lakini hapo utaona jambo lile lile la Cuba: kilichokuwa kitamu hasa ni mazungumzo. Ugoro ulikuwa hodi tu.

Moshi usio na madhara hayo

Kama roho yako inapenda kahawa na harufu ya moshi, majirani zetu walikwisha kupata dawa zamani. Hapo Uthiru, katika barabara ya Naivasha, ipo Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI. Iliundwa mwaka 1994 kwa kuunganisha kituo cha Nairobi na cha Addis Ababa, Ethiopia, na hadi leo ina makao katika miji yote miwili. Na Ethiopia ndiyo nchi ya asili ya kahawa hii.

Huko Ethiopia mama wa nyumba hutandaza majani mabichi sakafuni, akaosha buni mbichi na kuzikaanga mbele ya wageni. Zikianza kutoa moshi, huzungusha kikaango ili kila mmoja avute harufu. Kando yake ubani unafuka juu ya makaa. Kisha hutwanga, akachemsha ndani ya chungu chenye shingo nyembamba kiitwacho jebena, akamimina. Vikombe ni vitatu: cha kwanza abol, cha pili tona, na cha tatu baraka. Kuondoka kabla ya kikombe cha tatu ni utovu wa adabu. Sisi husema haraka haraka haina baraka. Wahabeshi wameiweka methali hiyo ndani ya kikombe.

Pwani yetu nayo haikuachwa nyuma. Lamu, Mombasa na Unguja, mwuza kahawa hupita na dele lake la shaba lenye makaa chini, akigonganisha vikombe ili watu wa barazani wamsikie. Kahawa ni chungu, imetiwa tangawizi, haina sukari. Sukari iko kando: tende, haluwa au kashata. Chungu kwa tamu, na habari za mji katikati.

Kikombe cha Uthiru

Basi sisi wa bara tuifuatanishe kahawa yetu na nini? Jibu liko pale pale kando ya barabara ya Uthiru. Nunua mahindi ya kuchoma, yaliyobabuka kidogo juu ya makaa. Hapo utapata ladha ya moshi bila nikotini, na utamu wa punje utaupokea vizuri ukali wa kahawa. Nduma iliyochemshwa na kiazi kitamu pia hufaa sana, maana ni vizito na vitulivu. Karanga za kukaanga ni nzuri kwa kahawa nyeusi. Mandazi ni ya kahawa ya maziwa.

Kuipika hakuhitaji mashine. Tafuta kahawa ya Kenya iliyokaangwa na kusagwa, si ule unga wa kuyeyuka. Kwa kikombe kimoja weka vijiko viwili vya chai vilivyojaa. Chemsha maji katika sufuria, epua, ngoja nusu dakika, ndipo utie kahawa. Koroga mara moja, funika, na uhesabu dakika nne. Machicha yatatua chini. Chuja kwa chujio la chai. Funda la kwanza usitie chochote, upate kuujua ukali wa zambarau. Baada ya hapo sukari ni hiari yako.

Wanafunzi wanaokesha wakisoma wakumbuke kwamba nusu ya kafeini bado imo mwilini saa tano hivi baada ya kunywa. Mwenye kutaka usingizi wa usiku anywe kabla ya saa tisa alasiri. Watoto wapewe maziwa na muhindi, na mama mjamzito apunguze vikombe.

Haya yote, mpenzi msomaji, yatagharimu nauli ya matatu, mahindi mawili na mchana mmoja. Kijana wako anaweza kukuuliza kwa nini mnakaa muda mrefu hivyo kwa ajili ya kikombe kimoja. Mwambie habari za miti 42, za mti wa Loresho, na za mtu wa Uthiru aliyeichuma kahawa hiyo miaka mingi bila ruhusa ya kuwa na mti wake. Kisha mmiminie yake, umwache ainywe polepole.